Siku Niliyofua Shati la Evaristi

Nyie, kuna aibu za kuteleza ukaanguka kwenye tope mbele za watu, unajipangusa, unacheka na wao, kesho yake kila mtu ameshasahau. Ya kwangu siyo ya hivyo. Ya kwangu ni kwamba mpaka leo nikipita kwenye kijiwe cha bodaboda pale karibu na stesheni, hapa hapa Mpanda, lazima kuna mmoja ataita, "Madam Sabuni!" halafu wenzake wanamkaripia, "Acha wewe, mjinga nini," na huko kukaripiana ndiko kunakoniumiza, maana wangecheka wote kwa pamoja ningejua yameisha. Nimeona bora nisimulie mwenyewe, kwa sababu mtaani yanasimuliwa vibaya (wapo wanaosema niliuza lile shati, wapo wanaosema nililitupa jalalani), na ukweli ni mbaya kuliko hayo yote.

Mimi naitwa Winfrida, ni mwalimu wa chekechea, mtoto wa Mpimbwe niliyelelewa na mama aliyekuwa anapiga pasi mpaka vitambaa vya kufutia vyombo. Kwetu mgeni akipiga hodi, kabla hajaitikiwa lazima mtu akimbie akaondoe nguo chafu kwenye kamba. Basi nimekua hivyo, na uzee huu unaonijia ninao ugonjwa huo huo, nikiona doa mkono unaniwasha.

Nilikuwa na mdogo wangu, Kasto, tulifuatana tumbo moja. Kasto alikuwa mchuuzi, anachukua dagaa Karema, anawaleta mjini, na mwaka ule yeye na wenzake wakasikia kwamba kule kusini kabisa, karibu na mpaka, kuna mnada ambao dagaa na maharage yanaisha kabla hujamaliza kushusha magunia, wakakodi lori moja wote, wakaenda. Walikwenda mara mbili wakarudi salama, wanacheka, Kasto akaninunulia kitenge. Mara ya tatu walisimamishwa njiani na watu wenye bunduki na mapanga, wale ambao redio inawaita magaidi, ambao hawakujui wala huwajui, hawana kesi na wewe, wanachotaka ni nchi nzima isikie kwamba walipita hapo. Watu tisa wa mkoa wetu hawakurudi. Dereva alipona kwa kulala kwenye mtaro, chini ya majani, mpaka kulipokucha na askari wakafika, akasaidia kuzika. Kaburi lilikuwa moja, la haraka, kwa sababu eneo lenyewe halikuwa salama na miili haikuwa ya kusafirishwa. Lakini yule dereva Mungu ambariki alifikiria jambo moja, alisema nikirudi mikono mitupu akina mama hawataniamini, kwa hiyo huyu akamvua kofia, yule akamvua ndala, mwingine akamtoa shati, akavifunga kwenye mfuko akaja navyo. Kwa Kasto hakupata kitu. Kasto alikuwa upande wa lori ulioungua.

Sasa ndugu wa wale tisa tulikuwa tunakutana, mwanzoni kwa misa tu, baadaye tukaunda kamati, na baada ya kuhangaika sana tukapewa jengo karibu na reli, ghala la zamani la tumbaku (mpaka leo jua likilipiga linanukia tumbaku), tufanye Kituo cha Kumbukumbu na Mafunzo. Upande mmoja majina ya marehemu wetu na vitu vyao kwenye makabati ya vioo, na upande wa pili mabenchi na ubao, wanafunzi waje wafundishwe jinsi wale watu wanavyowarubuni vijana kwa ahadi za kazi na pesa, na jinsi jirani anavyogeuzwa adui kidogo kidogo. Mwenyekiti alikuwa Mzee Masanja, Msukuma mfugaji mwenye ng'ombe huko Mpimbwe, aliyepoteza mtoto wake wa kiume aliyeitwa Maduhu. Mimi nikapewa ukatibu na utunzaji wa vitu. "Mwalimu ana mkono msafi," walisema. Ndivyo walivyosema kabisa, mkono msafi.

Vitu vikaletwa. Mzee Masanja akaleta ndala za Maduhu, Mama Zai wa Kashaulili akaleta kofia ya mumewe, na Mama Evaristi akaja kutoka Mishamo na lile shati.

Mama Evaristi ni mama wa miaka kama sitini na tano hivi, mwembamba, mkulima, wazazi wake walikuja kutoka Burundi na yeye akiwa mtoto mgongoni. Evaristi alikuwa mtoto wake wa pekee aliyebaki. Alilileta shati ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, limefungwa kwenye nailoni mbili, na alinikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Lilikuwa la mikono mirefu, drafti za bluu, na kifuani lilikuwa jeusi, limekakamaa kama gamba la mti. Akaniambia, akiniita mwanangu kwa Kirundi, "Usilifungue ovyo, mwananje. Hewa italimaliza." Nikaitikia, "Sawa, mama, nimekuelewa."

Sikuelewa kitu. Nilifikiri anasemea vumbi.

Siku mbili kabla ya uzinduzi tukapata taarifa kwamba mgeni rasmi atakuja mwenyewe, hatumi mwakilishi, na ataongozana na wageni wengine wakubwa, na redio itakuwepo. Mji mzima kwetu ukabadilika, wengine wanapaka chokaa mawe, wengine wanakodi maturubai, na Mzee Masanja akapita kukagua makabati, alipofika kwa Evaristi akasimama, akakunja pua. Lile kabati nilikuwa nimelifungua nipange kadi za majina, na joto la lile ghala mnalijua. Akasema, "Mwalimu, hii kitu inanuka. Fanya namna." Akaendelea na safari yake.

Fanya namna. Angeweza kuwa anamaanisha funga kioo. Angeweza kuwa anamaanisha fungua dirisha. Mimi mkono ulishaanza kuniwasha.

Nililichukua nikaenda nalo nyumbani Makanyagio. Nilijiambia nitalipangusa kidogo tu kwa kitambaa chenye maji. Nikalipangusa, doa likafanya kusambaa likawa baya zaidi, basi nikasema ngoja niliroweke tu, na ukisharoweka lazima ufikiche, na ukishafikicha huwezi kuliacha nusu, nikatia dawa ya kutoa madoa vifuniko viwili, nikafikicha mpaka vidole vikachubuka. Yale maji, jamani. Yalitoka kahawia, halafu mekundu, halafu yakawa na rangi ya chai. Nilibadilisha maji mara nne. Kila nikimaliza beseni moja nalimwaga kwenye mfereji wa bafu, ule unaopita nyuma ya nyumba, kwa sababu ndiko tunakomwaga maji machafu, sikufikiria mara mbili. Kesho yake asubuhi nikalitia wanga, nikalipiga pasi ya mkaa, kola ikasimama yenyewe, nikalitundika kwenye henga ndani ya kioo, na (hapa ndipo mnitukane) nikalipiga picha nikaituma kwenye kundi la kamati. Watu wakajibu vidole gumba. Mzee Masanja akaandika, "Safi sana mwalimu."

Siku yenyewe ilianza vizuri sana. Kwaya iliimba, viti vilijaa, spika mbili kubwa zilifungwa nje zikielekea barabarani ili hata waliokosa nafasi wasikie. Mimi nilivaa kile kitenge cha Kasto, nikapewa maiki isiyo na waya niwe mwongozaji wa ndani. Utaratibu ulikuwa mgeni rasmi akate utepe, aingie, azunguke kabati kwa kabati, na kwenye kila kabati ndugu wa marehemu aseme maneno mawili matatu kwenye maiki. Nilikuwa na raha yangu, nisiwadanganye. Nilijiona nimemfanyia Kasto kitu kikubwa. Kwenye kabati lake niliweka picha yake tu, nimeitia leminesheni, na niliisemea vizuri bila kulia.

Tukafika kwa Evaristi.

Mama Evaristi alikuwa amesimama hapo tangu asubuhi, amevaa gauni jeupe la kanisani na ushungi. Yeye huwa haoni vizuri mbali, na kioo kilikuwa kinang'aa, kwa hiyo sidhani kama alikuwa amelitazama shati sawasawa. Nikamsogezea maiki. Hakuipokea. Alisema, "Kwanza fungua, nimsalimie."

Mgeni rasmi akatabasamu kwa upole, akaitikia kwa kichwa kwamba fungua. Nikafungua. Yule mama akainama, akashika lile shati kwa mikono miwili pale kifuani, akaingiza uso wake ndani, akavuta pumzi ndefu.

Akavuta tena. Na tena.

Aliinua uso, akanitazama mimi, wala hakuwa na hasira, alikuwa ni mtu aliyepotea njia, akauliza, "Yuko wapi?"

Nikasema, "Nani, mama?"

"Evaristi. Hii si shati yake. Hii ni ya dukani."

Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kusema ukweli. Ilikuwa ni nafasi nzuri kabisa, ya sekunde tatu hivi, Mungu aliniwekea hapo mezani. Nikatazama mgeni rasmi, nikatazama yule mtu wa redio ameshika simu yake inarekodi, nikatazama Mzee Masanja. Nikasema, "Ni lenyewe, mama. Sijaligusa. Labda ni hiyo hewa uliyoisema."

Na maiki ilikuwa wazi. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kule nje kwenye spika, imechelewa kidogo, kubwa, inasema "Sijaligusa" mpaka barabarani.

Mama Evaristi akalitoa shati kwenye henga. Akasema, "Nilikuwa nalifungua kila Jumapili baada ya misa. Mara moja tu. Alikuwa humo. Jasho lake lilikuwa humo. Miaka yote hii alikuwa humo, nimewapa nyie, mmempeleka wapi?" Halafu akapaza sauti kwa Kirundi, maneno sikuyajua, lakini mama mmoja kule mlangoni aliyeyajua akaanza kulia kwa nguvu, na mwenzake akapokea.

Sasa hapo nyie ndio moto ukaingia kwenye nyasi. Mama Zai akasema, "Kama la kwake limebadilishwa, kofia ya mume wangu iko salama kweli?" Akataka kabati lifunguliwe. Nikasema funguo nitazitafuta (nilikuwa nazo kwenye pochi, navuta muda tu). Hakusubiri, akavuta mlango wa kioo, bawaba ikang'oka, kioo kikaanguka chini kikapasuka, walinzi wa mgeni rasmi wakashtuka wakamvuta nyuma, na waliokuwa nje wakisikia kishindo kwenye spika wakafikiri kitu gani sijui, wapo waliokimbia, si mnajua watu wetu walivyoumwa na nyoka. Mama Zai akachukua kofia yake, akaipuliza vipande vya kioo, akaikumbatia akatoka. Mwingine akafuata. Kila mtu anachukua cha kwake. Kituo tulichokihangaikia miaka miwili kikaanza kuwa tupu mbele ya macho yangu, na mgeni rasmi amesimama na mkasi wa utepe bado mkononi, hajui auweke wapi.

Mzee Masanja akanisogelea. Alikuwa ameshika ndala za Maduhu. Akaniuliza taratibu, lakini maiki ilikuwa karibu, "Mwalimu, umelibadilisha?"

"Hapana, mzee."

"Wallahi?"

"Hapana, sijabadilisha."

"Basi umelifanya nini?"

Nikasema, "Nimelifua."

Na spika ikasema kule nje, Nimelifua.

Nilisubiri kupigwa. Nawaambia ukweli, nilitamani nipigwe, ningekuwa na kitu cha kufanya na mwili wangu. Hakuna aliyenigusa. Watu walirudi nyuma tu, kama mtu anavyompisha mgonjwa. Mzee Masanja alifunika macho kwa kiganja, na baadaye aliniambia kwamba kilichomuuma ni lile neno lake la fanya namna, lakini pale hakusema kitu, na mimi sikumtaja. Hilo tu ndilo jema nililolifanya siku hiyo.

Mama Evaristi alikuwa ameketi chini, sakafuni, ameegemea kabati. Alikuwa amegeuza mkono wa shati ndani nje, anakitafuta kitu, akakipata. Kifungo cha pili cha mkononi kilikuwa cheupe, vingine vya bluu, yeye mwenyewe alikishona kwa uzi mweusi. Akakishika. Akajua kwamba ni lenyewe. Nilipiga magoti mbele yake nikaanza kusema nisamehe, nisamehe mama, na yeye akaniuliza swali ambalo nitakufa nalo.

"Maji ulimwaga wapi?"

Sikuelewa. Nikamwambia, "Maji gani, mama?"

"Yale uliyomfulia. Ulimwaga wapi?"

Nyie, kaburi liko kule kusini, hajawahi kuliona na hataliona. Kilichorudi nyumbani kutoka kwenye mwili wa mtoto wake ni kile kilichokuwa kifuani mwa lile shati, basi. Na mimi nilikuwa nimekimwaga. Niliangalia chini nikamwambia, "Kwenye mfereji wa bafu."

Akasema, "Nipeleke."

Nilijaribu kumwambia ni mbali, ni kuchafu, itafutwe bajaji. Akanyanyuka, akalikunja shati akaliweka kwapani, akaanza kutembea kwenda mlangoni, na kwa kuwa hakuijua njia ikabidi nitangulie. Hivyo ndivyo nilivyotoka kwenye uzinduzi wa kituo changu, mimi mbele, yeye nyuma yangu, na nyuma yake ndugu wa marehemu, halafu kwaya, halafu mji. Hata mgeni rasmi alitembea, hilo lazima niliseme, aliwaambia watu wake wasilete gari. Kutoka pale reli mpaka kwangu Makanyagio ni mwendo wa dakika ishirini. Akina mama wa magenge walisimama, bodaboda wakazima pikipiki, watu wanaulizana ni msiba wa nani, na wengine wakajibu, "Ni wa shati." Maiki nilikuwa nimeishika njia nzima, sikujua, imeshakata mawimbi zamani.

Mnaujua ua wangu? Uko nyuma ya nyumba, kuna bafu la mabati, na mfereji unatoka chini ya bati, unapita kwenye nyasi fulani hivi za kijani sana, unaishia kwenye shimo. Kulikuwa na povu la asubuhi, mimi mwenyewe nilikuwa nimeoga nijiandae kwa shughuli. Kulikuwa na nywele, na kile kipande cha dodoki kilichooza. Mimi Winfrida mwenye mkono msafi, nilisimama hapo na mkoa mzima nyuma yangu unatazama uchafu wa bafu langu, na ule msafara mzima, viatu vya kung'aa na suti, ukasimama kwenye matope yangu.

Nikaonyesha. "Hapa, mama."

Mama Evaristi akapiga magoti na lile gauni jeupe. Nikakimbia ndani nikaleta sufuria jipya, akakataa kwa kichwa. Alilitandaza shati chini, lile lile nililolipiga pasi, kola imesimama, akalifungua vifungo, akaanza kuchota tope la mfereji kwa viganja na kuliweka katikati, pale kifuani. Hakuwa analia. Alikuwa anaongea naye kwa Kirundi kwa sauti ndogo, kama mtu anayemvalisha mtoto asubuhi aende shule. Nikapiga magoti upande wa pili nikaanza kuchota na mimi. Alinishika mkono. Nikafikiri ananizuia. Akasema, "Chota chini zaidi. Ya juu ni ya leo."

Tukachota. Alipotosheka akaifunga mikono ya shati kwa mafundo mawili, akamwita Mzee Masanja amsaidie kunyanyuka, akaweka ule mzigo kichwani. Maji machafu yakawa yanamtiririka usoni na kwenye lile gauni. Mtu wa redio alikuwa amezima simu yake. Mgeni rasmi alivua kofia. Na mimi nikabaki pale nimepiga magoti, mpaka uani kwangu kukawa hakuna mtu.

Watu wengi wanafikiri mkasa uliishia pale. Uliendelea siku ya nne, Mzee Masanja alipokuja kunigongea, akaniambia Mama Evaristi anamzika mwanawe Jumamosi huko Mishamo na amesema niende. Nilimuuliza, "Amenisamehe?" Akajibu, "Hilo hakusema. Alisema uje na jembe."

Nikaenda. Mashamba ya mahindi kushoto na kulia, baiskeli nyingi, watu wametulia. Hakuna aliyenifukuza wala aliyenisalimia kwa furaha. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba yake kando ya mihogo, dogo, la ukubwa wa kaburi la mtoto, na wanaume walikuwa wamechimba robo tatu wakaacha. Mama Evaristi akanionyesha kwa kidevu. Nikaingia nikachimba, na viatu vya shule. Nilipokuwa humo ndani, kichwa changu kiko chini ya miguu yake, ndipo nilipoweza kumwambia jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu hata kwa padri.

Nilimwambia, "Mama, sikufua kwa ajili ya mgeni rasmi. Kila nikiliona lile doa nilikuwa namwona Kasto. Nilikuwa sijui alikufaje, nilikuwa nimejiambia tu kwamba alikuwa amelala, hata moto hakuusikia. Lile shati lilikuwa linaniambia hakulala. Nilitaka linyamaze."

Alisukuma bonge la udongo kwa mguu likaangukia shimoni. Nikafikiri hakusikia. Halafu akasema, "Ulimnyamazisha wa kwangu."

"Ndiyo, mama."

"Sijakusamehe, Winfrida. Sijui kama nitaweza. Lakini mimi nilikuwa sina pa kukaa nikamlilie, sasa ninapo. Hilo nalo silikatai. Chimba, jua linakuwa kali."

Padri alisali, tukafukia. Tulikula wali na maharage, yeye akanipakulia kwa mkono wake, na hakukaa karibu na mimi. Mpaka leo tukikutana ananisalimia, naitika, basi. Sidai zaidi ya hapo.

Kituo kilifungwa miezi sita. Niliandika barua ya kujiuzulu ukatibu, kamati ikaikataa, nadhani ilikuwa ndiyo adhabu yenyewe. Ndugu walirudisha vitu mmoja mmoja, siyo wote (kofia ya mume wa Mama Zai haijarudi na hatujaiomba), na tukakubaliana funguo za kila kabati zikae kwa mwenye marehemu. Kabati la Evaristi ni tupu. Wanafunzi wakija wanauliza mbona hili halina kitu, na ni mimi ninayepaswa kuwajibu. Huwa nawasimulia kama nilivyowasimulia nyie, pamoja na uongo wangu wa "sijaligusa," maana nimeona watoto wanakaa kimya zaidi hapo kuliko ninapowasimulia habari za bunduki. Siku ya kwanza nilisimulia nikitazama sakafu. Sasa nawatazama wao.

Nimejiuliza sana, lingekuwa shati la Kasto ningelifua? Ningelifua. Ndiyo maana nimeapa, na nimeapa mbele ya kamati, kwamba msiba wa mtu mwingine sitausafisha tena, hata unuke vipi, hata aje nani.

Mwezi uliopita alikuja dada mmoja kutoka mbali, alishuka kwenye treni na begi dogo. Mumewe alikuwa fundi ujenzi, alikufa kwenye mlipuko wa watu wa namna ile ile, nchi ya watu, kazini. Alikuwa amesikia kwamba hapa tunapokea. Akatoa kitana cheusi, meno mawili yamevunjika, kina mafuta mafuta ya zamani na nywele zimenasa. Mkono wangu ukawasha, nisiwafiche. Nikaukalia. Nikamuuliza, "Dada, nikifanyeje?"

Akasema, "Kiache hivyo hivyo."

Nikafungua daftari nikaandika mbele yake, nikamsomea: kitana kimoja, cheusi, kisiguswe.

Akatazama daftari, akatazama kitana. "Umesahau nywele," akaniambia.

Nikachukua tena kalamu nikaandika, na nywele zake.